Pipa Lililokupumulia, Mama

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka Al-Suwaidi, hapa Riyadh, nimekaa kando ya kitanda cha Hajja, mamake bosi. Upweke umenishika vibaya. Tangu uzikwe nami niko huku, sina hata mtu wa kumwambia "mama alikuwa akisema hivi" naye akacheka.

Hajja alipoletwa kutoka hospitali na mashine ya kupumua, bomba kooni, sauti hana, ilikuwa vita. Alishindana na ile mashine, nayo inapiga kelele, na madam, mke wa bosi, analia. Mimi nikakumbuka pipa lako.

Ulitusimulia ukimenya viazi, mguu wako wa polio umeunyoosha mbele. Ulikuwa mtoto mdogo, wakakulaza ndani ya pipa la chuma, kichwa tu nje, mpira umekukaba shingoni, nalo likakupandisha na kukushusha kifua. Stima ikipotea, manesi walikimbilia mpini wakalisukuma kwa mikono. Sisi tukabisha: "Aa, mama, huo uongo sasa!" Ukacheka mpaka ukakohoa. "Nesi aliniambia nisishindane nalo," ukasema. "Lenyewe linajua."

Basi nikamwekea Hajja mkono kifuani, nikamwambia hivyo hivyo kwa Kiarabu changu cha jikoni. Akatulia. Tangu siku hiyo alitaka habari zako tu. Ananionyesha shingo kwa kidole, yaani yalla, endelea. Nilimwambia pia kwamba unaumwa, na kwamba nangoja ruhusa ya kusafiri. Bosi ndiye kafili wangu, bila ruhusa yake sitoki nchi hii, naye anakaa Jeddah kikazi. Kila nikimpigia simu: "Subiri kwanza mama yangu apumue mwenyewe." Nikasubiri. Ukaenda, mama. Hajja hatukumwambia, daktari alikataza asishtuliwe.

Juzi wamemtoa mashine. Bosi alikuja, nyumba ikajaa kahawa na tende. Daktari akaziba lile tundu la koo ili aweze kusema. Hajja akanitazama, kisha akamgeukia mwanawe, sauti ikatoka imekwaruza:

"Mpe ruhusa akamwone mama yake."

Bosi akainamisha kichwa. Mimi nikambusu Hajja mkono, nikasema shukran, nikaenda kujifungia bafuni nikalia, ole wangu, nikalia.

Sasa tiketi ninayo. Niambie, mama, nikifika pale mlangoni nipige hodi kwa nani?

Lala salama.

Kitinda mimba wako