Picha ya Chumba cha Harusi

Aija, Sur, Oman
Rajab, 1979

Dada yangu mpenzi Mahfoudha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba mguu umeacha kukuuma. Mimi niko hai, alhamdulillahi, ila mgongo umechoka na joto la huku halina huruma. Vidole vimeliwa na saruji, ndiyo maana mwandiko wangu mbaya. Shule nayo unajua niliiachia wapi.

Najua unangoja nizungumze juu ya mke wangu. Nilikuomba uende kwa Shukriya bila kumwarifu, uone anaishi vipi na nani anaingia mle ndani, ndipo niamue kumleta huku au kumwacha. Nitafika hapo. Kwanza nikupe habari ya kazini.

Tunapiga lipu nyumba ya Bi Fawziya, mwalimu, mtu wa kwetu Unguja aliyesoma Ulaya. Anamwoza binti yake. Katika vitu vyake tulikuta picha isiyo na rangi, wino mweusi mtupu: mwanamme katangulia na gambusi, nyuma yake mwanamke kajifunika nguo nyeupe gubigubi. Mwenzangu Nadhir akasema huyo bibi harusi anapelekwa kwake, na bwana harusi kajipigia gambusi mwenyewe kwa ubahili, asilipe watu wa taarab. Tukacheka, tukaitundika chumba cha maharusi, juu ya kitanda.

Bi Fawziya alipoingia alishika kichwa. Akatuuliza vipi tumemtundikia mwanawe maiti juu ya kitanda, ile nguo ni sanda! Akatueleza ni hadithi ya Wagiriki wa kale. Mke alikufa, mume akamfuata kuzimu, akapiga gambusi mpaka wenyewe wa huko wakalia, wakamrejeshea mkewe kwa sharti atangulie na asigeuke mpaka wote wawili watokee kwenye mwanga. Karibu na mlango akaingiwa na shaka kama kweli anafuatwa. Akageuka, na mke akapotea moja kwa moja. Nadhir akasema mjinga yule, si angekohoa tu mke amjibu. Bi Fawziya akacheka na hasira zake.

Mimi ndiye niliyeishusha, nikaitazama karibu. Bi Fawziya alisema fundi alichora kwa kukwaruza sahani ya shaba, akaitia wino, akaigandamiza kwenye karatasi. Giza lote lile ni mikwaruzo, na yule mwanamke ni pale tu ambapo fundi hakukwaruza. Shingo ya mumewe imeanza kugeuka. Nilitamani kumshika kidevu.

Sasa dada, nikwambie. Kama hujaenda kwa Shukriya kumchunguza, usiende. Kama umeshakwenda, usiniandikie ulichokiona. Karatasi zake za safari nimeshampa Marhoun, dereva wetu, anayekuja huko kuwaona wazee wake. Mimi nitasimama uwanja wa ndege, nimtazame atakapotoka mlangoni, si kabla.

Nisalimie watoto na majirani wote. Shukriya mwambie tu aje na viatu vya kufunika, mchanga wa huku unaunguza.

Ni mimi nduguyo,
Khalaf