Majina Mawili Yaliyobaki kwenye Orodha

Naguru, Kampala
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Shifa,

Mama yako ameisoma barua yako. Ameniambia mwenyewe jana asubuhi, jikoni kwake Kyambogo, kwamba umemwandikia kuwa huswali tena, huamini, na hutakuja kwenye hitma ya kutimiza mwaka tangu baba yako afariki. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo unalolingojea. Sasa salamu. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha? Baridi ya Leeds imeanza? Sisi huku wazima. Mvua inanyesha kila alasiri, na goti langu ni lile lile.

Hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuuchambua. "Nimemzaa mimi, leo nimwogope?" alisema. Kisha akanigeukia: "Na wewe, shemeji, acha kujifanya unatazama dirishani. Ugonjwa huu ameutoa kwako." Ujumbe wake kwako ni huu, neno kwa neno: "Mwambie sikumwita kuswali. Nimemwita kwa baba yake."

Swali lako kwangu lilikuwa jingine. Uliniuliza, baada ya miaka ishirini na nne bila swala, naamka asubuhi kwa ajili ya nini. Jibu la jumla sina. Nina tukio moja.

Mwaka 2006 nilikuwa nasoma matangazo ya vifo redioni, katika kipindi cha Kiswahili. Siku moja nilisoma kwamba mama mmoja aitwaye Filda atazikwa kwao Kitgum siku ya Ijumaa. Karatasi niliyokuwa nayo mkononi ilisema Alhamisi. Kaka yake, mzee Olal, mwanajeshi mstaafu aliyekaa Mbuya, alinisikia, akapanda basi la Alhamisi, akakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Wiki iliyofuata alikuja kituoni.

"Wewe ndiyo ulisoma dada yangu?" aliniuliza. "Sauti yako mzuri. Siku ndiyo ulikosa. Mimi nilikuta watu nakunywa chai."

Wenzangu waliniambia nitubu, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Kwao lilikuwa jibu kamili, na silidharau. Mimi sikuwa na wa kumwomba msamaha isipokuwa Olal. Jumapili nikaenda kwake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi; yeye akasema, "Keti," akanisimulia habari za Filda mpaka jioni: alivyokuwa akimshinda mbio, alivyomfundisha kuogelea mtoni. Hakusema kama amenisamehe. Nilirudi mwezi uliofuata, na mwingine, mpaka alipofariki.

Tangu hapo sijaruhusu tangazo lisomwe kabla ya kuwapigia simu wafiwa wenyewe: jina, mahali, siku. Sasa mimi ni mhariri, na bado nawapigia mwenyewe. Si jambo kubwa. Lakini karibu kila asubuhi kuna mtu atakayewahi maziko ya mtu wake kwa kuwa niliuliza. Naamka kwa ajili ya huyo.

Sijui kama hilo litakutosha wewe. La kwako utalipata kwako. Uliwahi kuniandikia kwamba wodini unakofanya kazi kuna bibi ambaye hutaki mwingine ambadilishie shuka. Ningekuwa wewe, ningeanzia hapo.

Kuhusu hitma: umesema kukaa pale na juzuu ya Kurani mkononi ni kumdanganya baba yako. Nakuelewa. Hakuna atakayekupa juzuu. Mimi sijashika tangu 2001, na sijawahi kukosa hitma hata moja, kwa sababu kazi yangu ni orodha ya marehemu wetu inayosomwa kabla ya dua. Kaka Mubarak, baba yako, alikuwa akinitajia majina kutoka kichwani, mimi naandika upya kila mwaka; karatasi za zamani hatukuziweka. Siamini kwamba kuna kinachowafikia. Lakini mara moja kwa mwaka chumba kizima kinanyamaza na kila mmoja anaitwa kwa jina lake, na ningeona aibu kumruka hata mmoja.

Mwaka huu nimekwama. Ninayo thelathini na moja, pamoja na la baba yako. Wale dada wawili wa bibi yako waliofia Arua siwakumbuki majina, na mama yako hakuwahi kuwajua. Baba yako alikuwa akikutajia wewe dukani, ukiwa mdogo, mkifunga sukari. Hapa hakuna mwingine wa kumuuliza.

Mwalimu Zaid anakusalimu, na binamu yako Mahfudha anauliza kama utamletea koti. Nisalimie Huguette, mwenzako wa nyumba. Mama yako anakuombea. Mimi nakutakia usingizi mzuri na safari nyepesi, ukiamua kusafiri.

Hitma ni Jumamosi, tarehe 22, nyumbani Kyambogo, baada ya adhuhuri. Zaid, atakayeisoma, ataichukua orodha Alhamisi, tarehe 20, saa kumi jioni. Mistari miwili ya mwisho nimeiacha wazi. Unaweza kunitumia majina kwa simu, au uje uyaandike mwenyewe.

Baba yako mdogo, nikupendaye vile vile,
Tajudin