Jina la Shemeji kwenye Seva

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, na ningependa barua hii uisome ukiwa umekaa. Mama hajambo? Magoti bado yanamsumbua akipanda ngazi, au ile dawa ya kuchua imemfaa? Na cherehani yako, imeacha kukata uzi? Mimi kwa mwili ni mzima. Mengine utayasoma mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu anayeshinda kwenye kompyuta. Simu nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote nimekata kabla hujapokea. Ujumbe wako nimeusoma hadi nimeukariri: kwamba shemeji amerudi nyumbani na begi moja, anakaa kwenye kiti cha mlangoni akitazama ukuta, chakula anakigusa tu, na ukimwuliza anasema kazini yamemkuta. Kisha ukaniuliza: "Wewe unafanya naye kazi chumba kimoja. Mume wangu amefanya nini?" Ujumbe ule una siku tisa, na sijakujibu. Nakujibu leo.

Unajua kwamba pale ofisini tuko wanne, na tunatengeneza programu ya hospitali, ile ya kupanga zamu za wagonjwa wa figo wanaokuja kusafishwa damu. Mashine ni sita, wagonjwa sabini na kitu. Zamani walikuwa wanafika wote alfajiri, wanabanana kwenye benchi refu la korido wakisubiri kuitwa, na wengine wanarudishwa nyumbani hivyo hivyo. Shemeji ndiye aliyesema jambo hili lina dawa. Kwa wiki sita alishinda na muuguzi mkuu wa chumba kile, akimwuliza nani hawezi kukosa hata siku moja, nani anatoka mbali, mashine ikiharibika nani ahamie wapi. Akirudi ofisini anayaingiza yote kwenye programu. Toleo lake likaanza kujaribiwa, benchi likabaki na watu watatu wanne. Uzoefu wote wa yule muuguzi ulikuwa mle ndani, dada.

Kazi yetu huwa hatuiweki ovyo. Kuna chombo kinaitwa Git, kinachotunza kila badiliko: limefanywa na nani, siku gani, saa ngapi. Ukikosea unarudi nyuma. Nakala ya pamoja inakaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, ambayo hospitali nayo inaitumia, na kila mtu anapandisha huko alichofanya. Ila kuna amri moja ambayo ukiiandika ni kama umekiambia chombo: usiniulize, futa kilichopo, weka changu. Jumanne ya wiki iliyopita, karibu na saa sita mchana, amri hiyo iliandikwa, na wiki sita za shemeji zikafutika kwenye seva na kwenye kompyuta yake pia; sisi wengine hatukuwa tumezinakili bado. Nakala za akiba zilikuwa zimesimama tangu diski ijae, na hakuna aliyekuwa amegundua. Mkuu wetu, yule tunayemwita Mzee Ripoti, alipofungua kumbukumbu za seva alikuta jina la shemeji, na kompyuta ni ya shemeji.

Alimwita mbele yetu sote. Shemeji alikuwa ametoka mbio kwenda hospitali muda ule ule, na hakuwa na hakika na alichokiandika kwa haraka kabla ya kutoka. Alisoma jina lake kwenye skrini. Akasema jina ni lake, mashine ni yake, hawezi kulikana. Akaiacha kompyuta mezani, akabeba begi, kazi ikaishia hapo.

Mimi nikaapa nitaifufua kazi ile, na nikajua peke yangu siwezi. Nikaanza kutafuta pa kuuliza. Kwanza lile kundi letu la simu la waandishi wa programu, watu mia mbili. Nikauliza kwa kuzunguka: eti kama mtu fulani amefuta kazi ya mwenzake, anaipataje? Kumi walicheka. Mmoja akaniandikia, "Karibu mjini." Wawili wakanipa amri zinazopingana, wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, mimi nikasahaulika. Siku mbili zikaenda.

Nikahamia kwenye ule mtandao mkubwa wa maswali na majibu, penye mabingwa. Swali langu liliishi dakika nne. Wakalifunga: halieleweki, halina amri iliyoandikwa, halisemi ni mashine ipi. Wakanikata alama, na alama zenyewe sikuwa nazo. Nikaliandika upya kwa maneno mengine, likafungwa upya. Nikaenda kwenye jukwaa la waliotuuzia seva. Wale walikuwa na adabu, wakanishauri nimwulize msimamizi wa seva yetu. Msimamizi ni Mzee Ripoti, na nilikuwa namkwepa hata kwenye ngazi.

Huku nyuma benchi lilikuwa limejaa tena. Muuguzi mkuu alinipigia simu kuuliza, "Yule shemeji yako yuko wapi? Huku tumerudi kwenye daftari, na daftari halijui anayetoka mbali." Akaniambia kuhusu mwalimu mmoja mstaafu aliyerudishwa Ijumaa kwa kukosa nafasi, akaja Jumamosi amevimba miguu hadi viatu amevishika mkononi. Niliiweka simu chini nikaenda chooni, nikafungua bomba ili wasinisikie.

Siku ya nane ndipo nilipoingia mahali ambapo ningeingia siku ya kwanza: orodha ya barua pepe ya watumiaji wa Git wenyewe. Haina picha, haina alama, ni maandishi matupu kama matangazo ya ukutani. Pale mlangoni wamebandika kanuni: andika ulichokiandika neno kwa neno, sema ni kompyuta ipi, ulitaka nini, kimetokea nini. Nikaandika kwamba mwenzangu amefanya hivi na hivi. Kabla ya saa kuisha mtu mmoja akanijibu kwa upole kabisa. Alisema huenda kazi haijafa. Kitu kikifutwa kwa njia ile hubaki kwa wiki kadhaa kwenye kompyuta iliyotumika, ila hakionekani, na kompyuta hiyo asiiguse mtu. Lakini maelezo yangu, alisema, yana mashimo. "Mlete huyo aliyeandika amri, aseme mwenyewe. Hatuwezi kumtibu mgonjwa kwa kusimuliwa na jirani."

Dada, aliyeandika amri ile ni mimi.

Kompyuta yangu ilikuwa kwa fundi, vitufe vimekufa. Shemeji alipotoka kwenda hospitali aliiacha yake wazi, akaniambia nitumie nikitaka. Nilikuwa na rekebisho langu dogo, mistari kumi na mmoja tu, nikataka kulipandisha. Chombo kikakataa. Nikajaribu tena, kikakataa. Nikaona kinanichosha, nikanakili amri mbili nilizozikuta mtandaoni, ile ya kufuta ya seva na nyingine ya kufuta ya kompyuta yenyewe, bila kusoma maelezo yake, nikabonyeza. Kikakubali, nikafurahi, nikaenda kula. Nilijua nimefanya nini pale Mzee Ripoti alipofungua kumbukumbu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa mume wako, nikamwona anatazama vidole vyake, na nikanyamaza. Yeye ndiye aliyeniingiza kazini pale.

Zile siku nane nilijidanganya kwamba natafuta majibu. Nilikuwa natafuta jukwaa litakalonijibu bila kuniuliza mimi ni nani.

Nikaijibu ile orodha: ni mimi. Hawakunicheka wala kunikaripia. Waliniletea mistari sita ya kuandika kwenye kompyuta ile. Asubuhi yake nikaingia kwa Mzee Ripoti, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwomba kompyuta ya shemeji. Alivua miwani. Akasema, "Jana nilimpa fundi aisafishe. Kuna mtu mpya anaanza kesho kutwa."

Niliteremka ngazi mbio hadi kwa fundi. Fundi alikuwa anaifuta kioo kwa kitambaa, akaniambia kwa furaha, "Mpya kama yai, dada. Hakuna hata vumbi la mwenyewe." Nikaandika ile mistari sita hata hivyo. Nikaiandika mara tatu. Na seva nayo ilikuwa imefagiliwa wiki ile ile ili diski ipate nafasi. Siku moja tu, dada. Ningesema siku moja mapema, ingekuwepo. Mama alitulea akituambia mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa naitikia kwa sauti kuliko nyinyi wote.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Mzee Ripoti yenye mhuri. Anamwomba shemeji radhi na anamtaka arudi, aanze upya na muuguzi mkuu. Mimi nimesimamishwa, na ni haki. Nilikwenda mwenyewe hospitali kumweleza muuguzi. Alinipa daftari na kalamu, akanionyesha benchi. Tangu juzi naandika majina ya wanaofika, wanakotoka, na siku wasizoweza kukosa. Yule mwalimu mstaafu leo amekaa pembeni yangu, ananisahihisha tahajia.

Simwombi shemeji anisamehe, nawe usimwombee kwa niaba yangu. Ila naomba barua hii umsomee yote, na ukifika pale kwenye amri, usome polepole. Mume wako anakaa mlangoni akidhani mikono yake ilimsaliti. Mwambie haikukosea hata herufi moja.

Mama nisalimie, lakini hili usimwambie. Nitakuja kumwambia mwenyewe. Ukiona huwezi kunijibu, usinijibu. Nitakuja hata hivyo, na ukifunga mlango nitakaa nje hadi ufungue.

Wako akupendaye,
Mdogo wako wa mwisho