Zile Hatua Hazikuwa za Mwaitu

S.L.P. 52,
Kasikeu, Makueni.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Gedion,

Nakusalimu kwa jina la Bwana Yesu. Huko Kanada baridi imeshaanza? Na mgongo wako je, bado unakuuma ukibeba mizigo? Sisi huku tunapumua kwa neema. Mvua imenyesha siku nne, kunde zimechipuka, na mume wangu Mwau anapanda ndengu shamba la chini. Anakusalimu sana.

Barua hii nimempa Yvonne, binti wa mchungaji, anayekuja huko Alhamisi. Utashangaa kwa nini nimeandika kwa karatasi na simu ninayo. Nimejirekodi sauti mara tatu, nikafuta mara tatu. Kwa simu ungeniuliza swali katikati na ningetoroka.

Zile habari za vifaa vipya ulizonitumia nilizipata. Pete inayojua umelala vipi, miwani inayosoma lugha ya wengine, na ile mashine yenye mikono wanayosema siku moja itakuwa ikimnyanyua mgonjwa kitandani. Nilimsomea Mwau, akasema yeye atangoja ya kupalilia. Mimi sikucheka. Hiyo ya kunyanyua mgonjwa niliirudia mara mbili, na sababu utaiona hapa chini.

Ni juu ya ile saa ya mkononi uliyomtumia mama yetu, Mwaitu wetu, mwezi wa tano, baada ya kiharusi kile kidogo. Ulinieleza vizuri: akitembea utaziona hatua kwenye simu yako, moyo ukienda mbio utajua, na akianguka saa itatupigia sote wawili. Nilimfunga mkononi siku hiyo hiyo. Aliivaa siku mbili tu. Alipoona taa ile ya kijani chini yake akaniuliza inafanya nini, nikamwambia inahesabu mapigo ya moyo. Akaniangalia vile unavyomjua.

"Ng'ombe wa baba yenu hawakuhesabiwa, nyinyi hamkuhesabiwa, sasa ni moyo wangu utahesabiwa? Itoe, Kavata. Gedion akitaka kujua kama niko hai, si anipigie!"

Nikaitoa. Hapo ndipo ningekuambia. Lakini niliwaza vile ulivyotumia nguvu kuinunua, nikaona ikizima utashtuka, basi nikaivaa mimi ile siku moja tu. Kesho yake ulinitumia ujumbe: "Dada, Mwaitu leo hatua elfu nane! Mungu ni mwema!" Ndugu yangu, hizo zilikuwa safari zangu mbili za kisimani.

Ningesema wakati huo bado ingekuwa kitu cha kuchekwa. Lakini ulifurahi sana. Ukasimama kanisani kwenu ukatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Na mimi pia, sitakuficha, niliipenda ile saa. Kasyoka wa kwaya aliponiona nayo alisema, "Haiya, Mama Kivuva, huo mkono bado unashika jembe kweli?" Wanawake wakacheka, na mimi nikakunja mikono ya nguo ionekane vizuri zaidi. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, shemasi, anayewafundisha wengine unyenyekevu.

Ikawa kazi. Siku ambayo sikutoka, jioni nilizunguka boma ili hatua zipande usije ukawa na wasiwasi. Mwau aliniuliza natafuta kuku gani. Nikamwambia ni mwekundu.

Sasa nifike mahali penyewe. Jumapili moja mwezi wa saba nilimwacha Mwaitu amekaa mlangoni na uji wake, wakati huo bado akitembea na fimbo. Tukaenda sote kanisani. Tulipofika wimbo wa pili, ule wa kuruka, ulinitumia ujumbe na niliusoma pale pale kwenye benchi: "Moyo wa Mwaitu unaenda mbio, anafanya nini?" Nikakujibu, "Anamwimbia Bwana."

Gedion, wakati huo alikuwa chini kando ya choo. Alianguka tukiwa bado njiani, na alilala pale juani mpaka mahubiri yakaisha na tukarudi. Saa ambayo ingeita ilikuwa kwangu, ikiruka pamoja na mimi mbele za Mungu.

Nyonga ilivunjika. Daktari alisema kwa umri wake hawezi kupasuliwa. Hajasimama tangu siku hiyo. Tunamgeuza mimi na Mwau asubuhi, mchana na jioni, naye huuma leso asipige kelele. Ulipotaka kumwona kwa simu nilimwegemeza kwa mito, nikamfunga kitambaa kile cha buluu, nikakuonyesha uso peke yake. Na yeye akiulizwa hali husema ni mzima, wewe unamjua. Alidhani nimekueleza yote. Mwau naye alidhani hivyo. Na hatua zikaendelea kuja kwako, elfu sita, elfu saba.

Mwezi uliopita ukaniandikia kwamba kwa kuwa Mwaitu ana nguvu, hutakuja Desemba, utangoja mpaka Agosti mkae vizuri. Tangu hapo sijashiriki meza ya Bwana. Nimekuwa nikisema nina homa.

Jana nikamaliza kumwosha, nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia yote. Nilitegemea anitukane. Alicheka mpaka nikamshika mbavu zisimuume.

"Kumbe nimefika Kasikeu sokoni, na sijanunuliwa hata chai!"

Kisha akafuta macho kwa leso. Akaniuliza, "Na Gedion anaamini?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa hivyo haji."

Hakunilaumu hata kidogo, alisema tu hivyo, akageuza uso ukutani. Mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya jikoni kama mtoto. Saa nimeizima, iko kwenye bahasha hii. Ukinichukia nitaelewa, na ukitaka kuniambia mbele ya ukoo wote nitakaa nisikilize. Lakini usingoje Agosti. Sijui kama Agosti atakuwepo. Uji anameza vijiko vitatu tu siku hizi.

Msalimie Wayua mkeo na watoto, uwaambie nyanya yao huwataja mmoja mmoja akiomba. Mungu aliyekutunza huko ugenini akulete salama mlangoni kwetu ukiwa bado na mtu wa kumwita Mwaitu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niliyekukosea,

Kavata