Gari la Pili Halisimami

Tarehe 6 Januari

Kwako mwanangu,

Salamu zitangulie, mengine yafuate. Huku tuko wazima, ila mgongo unanisumbua nikiinama, na kazi yangu unaijua, ni ya kuinama. Mama yako hajambo, anakusalimu kwa zile salamu zenu za kwenye simu ambazo mimi sishirikishwi. Wewe je? Unakula? Baridi ya huko umeizoea?

Simu siiwezi, unanijua. Kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri. Kwa hiyo nimeandika, na Mama yako atapiga picha karatasi hii akutumie. Nawe ukijibu, andika kwa mkono upige picha, nione kama mwandiko wako umenyooka.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita walikuja watu wawili na gari jeupe, wakabandika karatasi kwenye nguzo mbele ya karakana. Tarehe 22 Februari barabara itafungwa kuanzia saa nne asubuhi, mashindano ya baiskeli yanapita. Si haya yetu ya Jumapili ya kushindania soda. Ni wale wenyewe, wanaolipwa kwa kuendesha. Watatokea darajani, wapinde konani, wapite mlangoni kwangu, halafu wapande mlima mpaka kwenye mnara wa simu. Mama yako akasema ndiyo hayo hayo unayofanyia kazi. Nikamwambia haiwezekani. Akasema, si uulize mwenyewe.

Basi nauliza. Tangu karatasi ile ibandikwe, hapa karakana hapafanyiki kazi, ni ubishi mtupu. Bwana Maziwa, ambaye bado anabeba madumu yake manne kila siku, anasema madumu yakiwa matupu anaweza kuwafuata mpaka mnarani. Yule wa mikate anasema hawafiki hata nusu ya mlima, kwa sababu baiskeli zao hazina keria, na baiskeli bila keria inakosa uzito wa kushika barabara. Wananigeukia mimi kwa kuwa ndiye fundi, na mimi sijui kitu. Ni kweli hazina madigadi? Mvua ikinyesha je? Kengele zipo? Mtu akibanwa na haja njiani anafanyaje, wenzake wanamsubiri? Na kama ni timu, mbona anashinda mmoja?

Nijibu haraka, heshima yangu iko mashakani.

Wako,
Baba


Tarehe 11 Januari

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima, nakula, na baridi sijaizoea ila tunaheshimiana. Karatasi yako imefika, pamoja na kidole gumba cha Mama pembeni ya picha.

Ni kweli, ndiyo hayo. Timu yetu ina waendeshaji saba na magari mawili, na mimi ni fundi wa gari la pili. Nakaa kiti cha nyuma na magurudumu mawili mapajani, mlango nimeushika, kama mtu anayetaka kuruka. Keria hakuna, madigadi hakuna, kengele hakuna. Mvua ikinyesha wanalowa tu. Baiskeli nzima ina kilo saba. Mfuko mdogo wa unga unaishinda. Kuhusu haja, wakikubaliana wanasimama kando wote pamoja, hata wapinzani wanasubiriana. Siku wakiwa na haraka wanamaliza huku wanaendesha, na gari letu liko nyuma yao, kwa hiyo hapo usiniulize zaidi.

Anashinda mmoja kwa sababu sita wanamkinga upepo. Wanakaa mbele yake zamu kwa zamu mpaka wanachoka, halafu anatoka yeye na nguvu zake zote. Mlima wetu, toka kwako mpaka mnarani, nadhani wataupanda kwa dakika sita.

Nisalimie Bwana Maziwa. Bega lake linaendeleaje?

Usinipikie chochote, Baba. Gari la pili halisimami. Linasimama mwendeshaji wetu akipata pancha au akianguka, basi. Tutapita hapo kwa mwendo wa kilomita hamsini kwa saa. Nitakuwa dirisha la kushoto, upande wa karakana. Ukisimama mlangoni nitakuona.

Mwanao


Tarehe 15 Januari

Kwako mwanangu,

Tumeipokea barua yako kwa furaha, na afya zetu ni zile zile. Nimeisoma kwa sauti mbele ya baraza zima la karakana. Pale kwenye haja nilisoma mara tatu, kwa maombi ya wasikilizaji. Pale kwenye dakika sita, Bwana Maziwa aliomba nirudie.

Kesho yake alikuja na madumu matupu. Yule wa mikate akashika saa, sisi wengine tukatangulia juu kwa miguu. Dakika kumi na moja. Alipofika mnarani alijitupa kwenye majani, akalala kama nguo iliyoanguka kambani, na alipopata pumzi alisema saa ni mbovu. Sasa wote wanataka kupimwa. Jana kapimwa mwalimu, leo fundi cherehani, na mimi mwenyewe nimejaribu, dakika siwezi kukutajia. Tunajiuliza hizo dakika tano wanazipunguzia wapi. Miguu si miwili tu?

Bega lake linauma siku za mvua, vinginevyo hasemi.

Nilipowasomea kwamba gari lako halisimami ila kwa pancha, yule wa mikate akasema, "Si tumwage msumari mmoja tu pale konani? Kijana ashuke, amsalimie babake, abadilishe gurudumu, aende zake." Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Na mimi nilicheka, nikaona nikuandikie ucheke nawe. Miaka sita bila kukuona ni mingi, mwanangu. Msumari mmoja ni kitu kidogo.

Wako,
Baba


Tarehe 16 Januari

Shikamoo Baba,

Sikucheka.

Wanapita watu mia moja na ishirini wamebanana, gurudumu kwa gurudumu. Akianguka mmoja wanaanguka thelathini. Nimewaokota barabarani, najua wanavyolia.

Na kuna jambo nimelinyamazia miaka sita, leo nalisema. Kwenye kabati la gundi kulikuwa na kopo la misumari ya viatu. Sisi hatujawahi kushona kiatu. Nilikuuliza, ukasema ni ya kutengenezea benchi. Benchi letu ni la chuma, Baba. Wiki ile ile mimi ndiye niliyembeba Bwana Maziwa toka konani mpaka zahanati, mfupa umetokeza begani, maziwa yametapakaa barabara nzima. Niliporudi nikakuta umeshaziba pancha yake, na alipotoka zahanati ukachukua hela ya kiraka.

Ndiyo maana niliondoka. Si kazi, si baridi, si kutafuta maisha. Mama nilimdanganya.

Sitauliza tena kuhusu kopo. Nakuomba kitu kimoja: tarehe 22 usiiguse barabara.

Mwanao


Tarehe 4 Februari

Kwako mwanangu,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu yangu unaitaka. Siku kumi na tisa sijakujibu. Nimeandika karatasi tano, zote nimewashia jiko.

Ni mimi. Ilikuwa misumari minane.

Barabara ilipotiwa lami, pancha zilikwisha. Nilikuwa nashinda kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni nikipiga miayo, na wewe uko pembeni unajifunza kazi ambayo haipo. Fundi aliyenifundisha alikuwa na msemo wake, kwamba fundi asiyepanda havuni. Mafundi wengi wanaujua, hata wakikukatalia. Nikapanda. Mara ya kwanza na ya pili watu walikuja wanasukuma baiskeli, wananung'unika, nikaziba, wakaenda. Mara ya tatu alikuwa Bwana Maziwa, anashuka kasi, amebeba mzigo kamili.

Uliponiuliza ningeweza kusema. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na ulikuwa unaniangalia kama mtu anayeniomba niseme hapana. Nikakutajia benchi, maana yake hapana. Kisha ukaondoka, nikaendelea kusema hapana peke yangu.

Mama yako ameusoma ukurasa huu mpaka hapo juu. Alitoka akaenda kuanua nguo, na nguo zilikuwa bado mbichi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Bwana Maziwa. Nilimkuta anaosha madumu, nikamwambia pale pale nimesimama, kwa sababu ningeketi ningezungumza habari za mvua. Aliendelea kuosha dumu moja lile lile kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Nilikulipa." Sasa baiskeli yake anaipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya daraja, na watu wanauliza kulikoni, na mimi nawaambia. Karakana imepoa. Ubishi wa mashindano wameuhamishia kwenye duka la mikate.

Umenikataza kuigusa barabara. Nisamehe, nitaigusa, lakini kwa ufagio.

Wako,
Baba


Tarehe 22 Februari, jioni

Kwako mwanangu,

Natumaini umefika salama huko mtakakolala leo. Hujajibu, na sidai jibu. Nakuandikia kwa sababu siku yenyewe imepita na sina mwingine wa kumsimulia ambaye ataielewa.

Nilianza kufagia mara tu nilipoweza kuona ardhi. Kilomita moja toka darajani mpaka kwangu, mbili toka kwangu mpaka mnarani. Nilipofika konani nikasikia kitu kinakwaruza nyuma. Nikageuka, ni Bwana Maziwa. Amefunga sumaku ya spika mbovu kwenye kamba, anaiburuza juu ya lami pale nilipokwisha kufagia. Nikamsalimia. Akasema hajaja kunisaidia, amekuja kuangalia ninachobakiza. Na kweli, nilikuwa nabakiza. Kila hatua chache alikuwa anainama na kubandua kitu kwenye sumaku: pini, waya, kizibo cha soda. Karibu na mtaro wa maji machafu akabandua msumari mmoja wa kiatu, mweusi kwa kutu. Akauangalia, akaniangalia mimi, akautia mfukoni. Tukaenda hivyo mpaka juu, mimi mbele yeye nyuma. Mwalimu na yule wa mikate walitukuta katikati ya mlima, wakaenda kuchukua mafagio yao.

Saa nne barabara ikafungwa. Nilivaa shati la sikukuu, nikasimama mlangoni, upande uliosema. Zilipita pikipiki kwanza. Halafu nikasikia sauti kama mvua inayokuja juu ya mabati, na kabla sijauliza ni nini, wakawa wamefika. Mwanangu, wewe unawaona kila siku, lakini mimi sikuwa najua kwamba watu mia na zaidi wanaweza kuendesha baiskeli na zisigusane. Upepo wao ulinipiga usoni. Mmoja alikuwa anakula. Anakula, kwa mwendo ule!

Na hapo nikafanya ujinga ambao Mama yako hajaacha kunicheka mpaka sasa, anacheka na machozi. Badala ya kuangalia magari, macho yangu yalikwenda chini kwenye matairi. Niliinama nikitega sikio kama kuna upepo unaovuja. Nilitaka kuwa na hakika. Tairi baada ya tairi, zote nzima. Niliponyanyua kichwa magari yalikuwa yameshapita, lako likiwamo, nikaona vumbi tu na migongo ya watu.

Miaka sita nimeingoja sura yako, mwanangu, na ilipopita mimi nilikuwa naangalia magurudumu. Hilo limeniuma kuliko nilivyotegemea.

Wako,
Baba


Tarehe 23 Februari

Shikamoo Baba,

Tumelala salama, na leo tumekimbia tena, mikono bado ina grisi, ndiyo maana karatasi ina madoa. Natumaini Mama ameacha kucheka.

Mimi nilikuona. Ulikuwa umeinama na shati jeupe, mkono umeshika goti, sikio umeligeuzia barabarani. Nilijua unasikiliza nini. Niligonga kioo, nikakuita kwa nguvu mpaka dereva akashtuka. Umezeeka, Baba. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Barua yako ya tarehe 4 nimetembea nayo kwenye simu siku zote hizi. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa ama kikali mno ama kitamu mno. Nimefurahi umesema. Hasira zangu hazijaisha, na hata zikiisha, sidhani kama za Bwana Maziwa zitaisha kwa sababu hiyo. Mashindano yanamalizika Jumapili. Jumatatu nitapanda basi nije, na hasira nitakuja nazo, tutazungumza hapo hapo benchini, Mama akiwepo.

Ila jana usiku kulikuwa na jambo nataka ulijue kabla sijafika. Mafundi wa timu zote huosha baiskeli mahali pamoja, na huwa tunahesabiana pancha. Kabla ya daraja lenu zilikuwa kumi na moja. Baada ya mnara, tisa. Katikati hapo, kilomita tatu, hakuna timu iliyobadilisha hata gurudumu moja. Fundi mmoja mzee, ana miaka thelathini kwenye kazi hii, akasema aliona alama za ufagio kwenye vumbi kando ya lami, pande zote mbili, mpaka juu ya mlima. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho popote. Akauliza nani anaweza kufanya kazi ya namna ile.

Nikawaambia ni baba yangu, na yeye pia ni fundi baiskeli.

Mwanao