Mfupa wa Chini ya Ulimi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba ile pia ya goti lako la kushoto imepunguza kelele. Usiache kulikanda kwa maji ya moto. Mimi mwili wangu hauna neno. Moyo ndio ulionishikisha kalamu.

Najua umeshasikia kwamba nimeachishwa kazi pale chuo cha uuguzi, na najua umesikia kwa nani. Basi sikia na kwangu mimi, kifungua mimba wako.

Nimetunza maabara ile miaka kumi na mmoja. Unamkumbuka Mzee Kimya niliyekusimulia, yule marehemu aliyeuachia chuo mwili wake ili wanafunzi wajifunze? Mifupa yake mia mbili na sita ilikuwa mikononi mwangu. Kila Ijumaa niliitoa sandukuni, nikaipangusa na kuihesabu, mtulinga kwa mtulinga, ubavu kwa ubavu, mpaka ile midogo ya masikioni. Kitinda mimba wako alipopata nafasi chuoni, nilimkaribisha chumbani kwangu. Jioni tunakaa kitandani, namgusa bega, anataja mfupa. Akikosea, namfinya. Tulicheka sana, Mama.

Ijumaa moja mifupa ikawa mia mbili na mitano. Uliokosekana ni ule wa chini ya ulimi, mwembamba, uliopinda kama kiatu cha farasi. Wewe ulitufundisha kwamba ulimi hauna mfupa. Kweli hauna, lakini huo ndio unaoubeba, nao haujaungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Nilipekua maabara nzima, kisha nikaenda mwenyewe kumwambia mkuu wa chuo. Akaita watu mmoja mmoja. Wanafunzi walinong'ona kwamba nimeuuza. Sikujali, maana nilijua kati ya watakaoitwa yumo wa damu yangu.

Mama, mkuu alinisomea kwenye karatasi maneno ya huyo wa damu yangu. Mdogo wangu alisema aliniona nikiufunga mfupa kwenye leso na kuutia mkobani. Akaongeza kwamba inamuuma kumsema dada yake, ila ukweli ni ukweli. Nikapewa siku tatu za kukabidhi funguo.

Siku ya pili nilikuwa nakunja shuka. Nikakung'uta mto wa mdogo wangu, kitu kikagonga sakafu. Leso ilikuwa yangu kweli. Mfupa ulikuwa wa Mzee Kimya, umevunjika pembe moja. Aliuchukua ajifunzie mtihani, ukamvunjikia, akaogopa kufukuzwa. Aliyasema hayo yote akilia, amenishika magoti, akinisihi nifunge mdomo kwa kuwa amebakiza miezi miwili amalize. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kililala mto wa pili.

Sasa nakuambia nisilomwambia mtu. Mfupa niliurudisha mimi. Sikuweza kumwacha marehemu na pengo kooni. Mkuu aliniuliza ulikuwa wapi, nikajibu ulikuwa chumbani kwangu, na huo si uongo. Akaandika kwamba mwizi amerudisha mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, anasikia kila kitu, nami nilimpa nafasi. Nilifunga sanduku polepole. Nikajifanya natafuta kufuli, nayo nimeishika mkononi. Akageuka, akaenda zake darasani.

Sijamsamehe, Mama, na usinihimize. Akija na cheti chake mshangilie, kwa maana ni mwanao na amesoma kwa bidii. Ila usiniite nije kusimama naye kwenye picha. Barua hii ukishaisoma ichane, na usimwonyeshe kwamba unajua. Lakini najua atataka kukuonyesha elimu yake. Atakushika bega, atakushika goti, atakutajia mfupa mmoja baada ya mwingine bila kukosea. Akimaliza, muulize tu nani alimfundisha.

Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka kwa wema, na usisahau yale maji ya moto.

Ni mimi mwanao,
Kifungua mimba wako