Babu Hakoromi

Hikimi, 14 Septemba

Mjukuu wangu Chisato,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Joto la mwaka huu limekataa kuondoka, lakini asubuhi huku milimani nimeshaanza kutafuta soksi. Wewe hujambo? Mama yako anakula, au bado anakunywa kahawa na kuiita chakula? Mimi ni mzima, isipokuwa ile ganzi ya mkono wa kushoto.

Jumanne nilikwenda hospitali ya mjini kupigwa picha ya kichwa kwa MRI. Usiombe. Wanakulaza, wanakufungia kichwa ndani ya kizimba kama cha kuku, kisha wanakusukuma ndani ya bomba. Nimeshona mikeka ya tatami maisha yangu yote bila kumwogopa mtu, lakini mle ndani niliona nimetiwa jenezani kabla ya wakati. Nikaminya kengele mpaka wakanitoa. Nesi, binti mdogo tu, akanipangusa jasho na kuniambia hata wacheza sumo huogopa. Sikumwamini, ila nilimshukuru.

Nitarudi tarehe 9 Oktoba. Safari hii watanipa dawa ya usingizi, nilale mwanzo hadi mwisho. Waliniuliza kama nakoroma au pumzi hunisumbua nikilala, nikawaambia mimi nalala fofofo kama pono. Basi ndiyo hivyo. Soma vizuri.

Babu yako


Matsue, 19 Septemba

Babu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anakula, ila akiwa amesimama. Natumaini ganzi haijaongezeka na kwamba soksi ulizipata.

Mwisho wa barua yako umeninyima raha. Babu, unakoroma. Nisamehe kwa kulisema waziwazi. Mwezi wa nane nilipokuja kumkumbuka Bibi nililala chumba cha pili, na ule mlango wa karatasi hauzuii kitu. Kukoroma peke yake kusingenitia hofu. Kilichonitisha ni kwamba katikati ulinyamaza. Hukupumua kabisa. Nilikusubiri nami nimebana pumzi, mpaka ukashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeopolewa majini. Halafu ikawa vile vile tena.

Nimesoma maktabani. Koo hulegea na kuziba njia ya hewa, na ubongo ndio unaokushtua ili upumue. Dawa ya usingizi hulilegeza koo zaidi, na ubongo nao huchelewa kushtuka. Unaweza usivute hewa tena. Lile swali walilokuuliza lilikuwa na maana hiyo. Tafadhali wapigie simu uwaambie ukweli kabla ya tarehe tisa. Hawatakukasirikia. Watatafuta njia nyingine ya kukupima.

Mjukuu wako,
Chisato


Hikimi, 25 Septemba

Chisato,

Salamu nyingi. Mvua imenyesha, mto umejaa, mimi nipo.

Umekuwa daktari lini? Mara ya mwisho ulikuwa unalilia hesabu za pembetatu. Nisikilize. Bibi yako Fumie alilala ubavuni mwangu miaka arobaini na sita na hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alilalamikia viatu vyangu, chumvi yangu, na kaka yangu hadi kaka yangu akafa. Angeliachaje hilo?

Tena kila mwaka wazee wa mtaa tunapokwenda kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto, wenzangu hulala wanane chumba kimoja. Mimi hunipa chumba cha peke yangu, kwa heshima, kwa kuwa nilishona mikeka ya ukumbi wao bure. Mtu wa kukoroma hutunzwa hivyo? Uliowasikia wewe ni nguruwe mwitu wa nyuma ya nyumba. Mwaka huu ni wengi.

Babu yako


Matsue, 30 Septemba

Babu,

Shikamoo. Natumaini mto umepungua. Sisi wazima.

Nimepiga simu hospitali. Niliyaandika maneno yangu kwanza, kwa sababu unajua nikizungumza na nisiowajua sauti hunikauka. Ilikauka vilevile. Dada wa mapokezi alinisikiliza, kisha akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuzungumzia habari za mgonjwa na mtoto wa shule, akanitakia masomo mema. Nikamwomba Mama apige yeye. Akasema Babu ni mtu mzima, tukipiga simu nyuma ya mgongo wake tutamwaibisha.

Nimechoka na adabu, Babu. Kila mtu ana adabu, na wewe unakwenda kumeza kidonge chao cha usingizi.

Kwa hiyo naandika nilichokatazwa. Wazee hawakukupa kile chumba kwa heshima. Waulize. Na Bibi hakunyamaza kwa sababu hakusikia. Mama ameniambia kwamba miaka yote ile Bibi alilala mguu wake ukiwa juu ya mguu wako. Ukinyamaza, alikusukuma kwa kisigino mpaka ukavuta pumzi, kisha akasubiri tena. Ndiyo maana mchana alikuwa akisinzia akichambua maharage. Alimwapisha Mama asikuambie, kwa kuwa ulijisifu kwa majirani jinsi nyinyi wawili mlivyolala vizuri, naye alipenda kukusikia ukisema hivyo.

Sasa Bibi hayupo. Ndani ya lile bomba nani atakusukuma?

Kama nimekosa heshima, nigombeze tarehe kumi.

Chisato


Matsue, 6 Oktoba

Babu,

Shikamoo. U mzima? Nauliza kweli, si kwa sababu barua huanza hivyo.

Hujajibu. Simu inaita tu, na sijui kama husikii au umeing'oa ukutani. Mama alimpigia jirani yako, akaambiwa uko barazani unamenya matunda ya kukausha na husemi na mtu. Mama ameomba ruhusa kazini ili awe nawe tarehe tisa. Wamemwambia mwezi huu haiwezekani, naye akainama akawashukuru. Nilitamani kupiga ukuta.

Usinijibu mimi. Mjibu nesi, inatosha.

Mjukuu wako


Hikimi, 11 Oktoba

Mjukuu wangu,

Niko hai. Naanza na hilo ili usiruke mistari kulitafuta.

Barua yako ilinikasirisha sana. Nilikwenda kwa mzee Moriwaki, ambaye ndiye hupanga zile safari za maji ya moto, nikamuuliza kuhusu chumba changu. Alinijazia chai, kisha akasema mwaka huu uyoga umekubali mlimani. Nikajua.

Nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya picha ya Bibi yako na kumgombeza. Nilimwambia, ungenieleza ningehamia chumba cha nyuma. Ungenieleza ningekwenda kwa daktari, ningelala nimekaa, ningelala barazani na mbwa. Uliniacha nijisifu mitaani kama mpumbavu, nawe huna usingizi. Siku kadhaa sikumwashia ubani. Na wewe sikukuandikia, ingawa hasira haikuwa yako. Wewe ndiye uliyekuwa hai, basi ikakuangukia.

Tarehe tisa nilikwenda. Nesi yule yule akaniletea kidonge na maji. Ukumbi wa kusubiri haukuwa na kiti kitupu, na muuza tofu wa mtaani kwetu alikuwa amekaa mbele yangu. Nikasema kwamba nakoroma na kwamba pumzi hunikatika usingizini. Kwa masikio yangu haya sijui kunong'ona, kwa hiyo ukumbi mzima ulipata habari. Nesi alikichukua kile kidonge kutoka mkononi mwangu upesi sana, Chisato. Wepesi wake ndio ulioniambia kwamba ulikuwa unasema kweli.

Daktari akaja amekunja uso. Akataka kujua mbona mara ya kwanza nilikana, na sasa nani kaniambia.

"Mke wangu," nikasema.

Akauliza kama yuko hapo nje, azungumze naye kidogo. Nikamwambia alifariki miaka mitatu iliyopita, habari zake hunifikia polepole.

Kwa hiyo picha haikupigwa. Kwanza nitalazwa hospitalini usiku mmoja nimefungwa nyaya ili wazipime pumzi zangu, kisha ndipo waamue kama wataniingiza bombani nikiwa macho, au nimelazwa usingizi na mtaalamu wa kunichunga. Mkono bado una ganzi. Nimepanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi bure kabisa, na muuza tofu ameshaanza kunitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi.

Ukija kwangu kwa mwaka mpya, utalala chumba cha mwisho upande wa jikoni, na utaziba masikio. Usinisikilize wala usihesabu chochote. Ulale. Katika nyumba hii hakuna mtu mwingine atakayekesha kwa ajili yangu.

Babu yako